Kadena ya sanduku la AVEC: tuwaache vijana wajifunze kuifungua

Kuna mchezo ambao katika miji yetu ya mashariki, ukiutaja tu, watu wanakuangalia kwa mashaka: kufungua kadena bila ufunguo wake. Hapa sizungumzii kuvunja wala kukata kwa msumeno. Nazungumzia mtu anayekaa mezani na kadena aliyoinunua mwenyewe, vyuma viwili vyembamba mkononi, akiipapasa taratibu hata saa nzima hadi inafunguka. Ulaya na Marekani watu wanaucheza kama vile wengine wanavyocheza dama, wana vyama vyao na mashindano yao. Kwetu kijana anayejaribu jambo hilo anaitwa mwizi kabla hajamaliza kujieleza.

Maoni yangu ni kwamba vijana hao waachwe, tena wasikilizwe. Na sababu yangu kubwa si mchezo wenyewe. Ni masanduku ya akiba ya mama zetu.

Kwanza tutazame kilichomo ndani ya kadena, maana wengi tunainunua kama mtu anayenunua embe gizani. Katikati ya mwili wa shaba kuna silinda ndogo, ile inayozunguka unapoingiza ufunguo. Juu ya silinda fundi ametoboa matundu kwa mstari, na ndani ya kila tundu kuna pini mbili, moja juu ya nyingine, zikisukumwa na resori. Ufunguo usipokuwemo, pini za juu zinashuka nusu ndani ya silinda na kuizuia isigeuke. Ufunguo halali una meno yanayoinua kila jozi ya pini hadi kipimo chake kamili, pale ambapo pini ya juu na ya chini zinaachana sawasawa kwenye ukingo wa silinda. Hapo njia iko wazi, unageuza. Wazo hili ni la kale sana. Wamisri walikuwa na makomeo ya mbao yenye pini maelfu ya miaka iliyopita. Ufunguo mdogo bapa tunaoujua leo tunaudai kwa Mmarekani Linus Yale mdogo, aliyeandikisha uvumbuzi wake katika 1861 na 1865.

Sasa, kwa nini kitu hiki kinafunguka bila ufunguo? Kwa sababu hakuna mashine inayotoboa matundu yaliyonyooka kabisa. Ukiisukuma silinda kidogo kana kwamba unataka kuigeuza, pini moja itabanwa kabla ya nyingine. Unaiinua hiyo hadi ikae mahali pake, kisha unatafuta inayobanwa baada yake. Katika kadena rahisi, yenye pini 3 au 4 zilizonyooka kama vipande vya msumari, mtu aliyefanya mazoezi ya siku chache tu anaweza kumaliza kazi hiyo mapema kuliko unavyodhani.

Kiwanda kinachomheshimu mnunuzi kinabadilisha umbo la pini za juu. Pini nyingine zinachongwa kiuno chembamba katikati, kama bobini ya uzi wa cherehani. Nyingine zinawekewa mikunjo mingi kama parafujo, nyingine zinafanana na uyoga. Mwenye ufunguo hatambui tofauti yoyote. Lakini anayepapasa anadanganywa: silinda inageuka kidogo, moyo wake unaruka akidhani amefika, kumbe kiuno cha bobini kimenaswa kwenye ukingo. Akikaza mkono, inabana zaidi. Lazima alegeze, aiache silinda irudi nyuma kidogo, na katika kurudi huko pini alizokwisha kuzipanga zinaweza kuanguka zote na akaanza upya. Wapenzi wa mchezo huu wanaweza kukaa wiki nzima na kadena moja ya namna hiyo, na wanaifurahia kweli.

Pini hiyo si dhahabu. Ni shaba ileile iliyochongwa kwa namna nyingine. Ndiyo maana kadena mbili zinaweza kuwa na uzito mmoja, mng'aro mmoja, hata maandishi yanayofanana, na moja ikawa kadena ya kweli wakati nyingine ni pambo la mlango. Nenda Birere mjini Goma, nenda soko la Kadutu mjini Bukavu, uliza ipi iliyo imara. Utapewa ile nzito. Muuzaji anaipimapima mkononi, na wewe unaipimapima, mnakubaliana bei. Kilichomo ndani hakuna anayekijua, wala yeye.

Najua watakachonijibu. Watasema wezi wetu hawana muda wa kupapasa pini. Wanakuja na baramina, wanakuja na mkasi mkubwa wa kukata chuma, na usiku mwingine wanakuja na bunduki, na hapo kadena ya dola 3 na ile ya dola 30 zinafunguka kwa spidi moja. Ni kweli kabisa. Kwa mlango wa nyumba au wa depo, unene wa chuma, bawaba na ubao wa mlango vina maana kuliko pini. Mtu akiniuliza atumie pesa zake wapi, nitamwambia aimarishe kwanza mahali kadena inaposhika, maana mara nyingi kinachong'oka ni kile kipande cha bati kilichopigiliwa kwa misumari miwili, kadena yenyewe ikianguka chini ingali imefungwa.

Lakini kuna mahali ambapo adui haji na baramina. Mahali hapo ni ndani ya nyumba yetu.

Kila anayeishi huku anajua AVEC, vile vikundi vya akiba na mikopo vya kijijini na vya mtaani. Wanachama, wengi wao akina mama, wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa zake, wenye shida wanakopa, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Pesa na daftari vinakaa katika sanduku la chuma. Sanduku lina kadena tatu. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, na mtunza sanduku mwenyewe hana hata mmoja. Ni mpango wa akili sana: sanduku lisifunguke mpaka watu wafike wote na wengine wakiona.

Hebu tuulize kadena hizo tatu zinafanya kazi gani hasa. Haziwezi kumzuia jambazi, kwa sababu jambazi atalibeba sanduku zima mabegani. Kazi yake ni nyingine, ni kuwalinda wanachama wao kwa wao. Zinasema: hakuna aliyegusa tangu juma lililopita. Mama akiona kadena tatu zimefungwa mbele yake, anakubali kuweka pesa ya karo ya watoto katika nyumba ya mtu ambaye si ndugu yake. Sasa fikiria kadena inayofunguka bila alama yoyote na kufungwa tena. Siku ya kuhesabu pesa zinapungua dola 40. Hakuna mlango uliovunjwa wala chuma kilichokatwa. Mtashtaki nani? Mtamtazama mtunza sanduku, mtawatazama wale watatu wenye funguo, na kikundi kilichojengwa kwa miaka kitakufa kwa minong'ono kabla ya mwezi kwisha. Pengine mtu asiye na hatia ataondoka kwa aibu.

Tena si lazima awepo fundi wa kupapasa. Fanya hesabu ndogo. Kadena yenye pini 4, kila pini ikiwa na vipimo 5 vinavyowezekana, inatoa funguo tofauti 625 tu: 5 mara 5 mara 5 mara 5. Hiyo ni kwenye karatasi. Kama kiwanda kinatumia vipimo vichache zaidi, au matundu yametobolewa kwa ulegevu, basi ufunguo unaokaribiana na ule halali unaweza kugeuza silinda ukitikiswatikiswa. Ukinunua kadena tatu kutoka katoni moja, kwa muuzaji mmoja, siku moja, huna hakika kwamba una funguo tatu tofauti. Mpango mzima wa watu watatu unaweza kuwa na mtu mmoja ndani yake, naye mwenyewe hajui.

Kwa hiyo swali la kadena inayofunguka kimya si la Wazungu waliokosa kazi. Waingereza walikutana nalo zamani, na walikutana nalo kwa ubishi mkubwa. Katika 1817 bandari ya kijeshi ya Portsmouth iliibiwa, serikali ikaahidi zawadi kwa atakayetengeneza kufuli isiyofunguka ila kwa ufunguo wake. Jeremiah Chubb akaleta yake katika 1818. Uzuri wake haukuwa katika kuzuia tu. Mtu akiipapasa vibaya, ilijifunga kwa namna ambayo mwenye mali, akirudi na ufunguo wake, anajua kwamba kuna aliyejaribu. Mama wa AVEC angeielewa kufuli hiyo mara moja.

Kampuni nyingine, ya Bramah, ilikuwa imeweka kufuli yake dirishani mwa duka mjini London tangu 1790, na tangazo kwamba atakayeifungua bila ufunguo atalipwa gini 200. Zaidi ya miaka 60 ikapita. Ndipo katika 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, akafika Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs. Akafungua ya Chubb. Kisha akaomba ile ya Bramah, akafanya kazi saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, nayo ikafunguka. Waingereza walikasirika. Wengine walisema ni hatari kuzungumza mambo hayo hadharani, mtawafundisha wezi. Hoja ya upande wa Hobbs ilikuwa kwamba wezi hawahitaji mwalimu, kazi yao wanaijua tayari. Asiyejua ni mnunuzi mwaminifu, naye ndiye anayelipa. (Nikumbushe pia kwamba Hobbs hakuwa malaika: alikuwa anauza kufuli za Kimarekani, na baadaye akafungua kampuni yake papo hapo London. Lakini mfanyabiashara naye anaweza kusema kweli.)

Mfano mwingine unatuhusu kwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Mwanafizikia Richard Feynman alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu alipofanya kazi Los Alamos, Marekani, wakati wa Vita vya pili vya dunia, kwenye mradi wa bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya uranium ya mradi huo ilitoka kwetu, Shinkolobwe huko Katanga. Siri za madini yetu, tuseme, zilikuwa zimefungiwa katika makabati ya pale. Feynman alipenda kufungua makufuli na masefu kwa kujifurahisha, na anasimulia mwenyewe jinsi alivyofungua makabati ya mwenzake yenye nyaraka za siri kwa kukisia tu tarakimu: 27, 18, 28, namba ambayo kila mwanahisabati anaijua. Safari nyingine, huko Oak Ridge, alimwonyesha kanali mmoja kwamba sefu yake ya gharama, ikiachwa wazi mchana, inamwachia mgeni nafasi ya kupata tarakimu zake. Alimshauri awaambie watu wafunge masefu wakati wa kazi. Kanali alifanya nini? Alituma barua kuuliza ni ofisi zipi Feynman alizoingia, na wote waliotembelewa wabadilishe namba. Masefu yaliendelea kukaa wazi. Aliyefukuzwa ni aliyesema.

Hiyo ndiyo tabia yetu hasa. Mtu akikuonyesha ukuta wako una ufa, unamwuliza alikuwa anatafuta nini ukutani.

Lakini ukimsikiliza, kitu kinabadilika. Katika 2004 wenye baiskeli Marekani waligundua kwamba kufuli za bei kubwa za Kryptonite, zile zenye tundu la duara, zinafunguka kwa mwili wa plastiki wa kalamu ya biki. Udhaifu huo ulikuwa umekwisha kuelezwa katika gazeti la baiskeli Uingereza zaidi ya miaka 10 nyuma, na hakuna aliyejali. Safari hii video zilienea, kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja kufuli zao bila malipo. Kelele ya wapenzi wa mchezo ilifanya kile ambacho ukimya wa miaka haukufanya.

Wapenzi hao wenyewe wana utaratibu. Ujerumani walianzisha chama chao mjini Hamburg katika 1997, Uholanzi wakafuata na chao. Sheria zao mbili kila mgeni anaambiwa siku ya kwanza: usiguse kufuli isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe, na usiguse kufuli inayotumika, hata kama ni yako, kwa sababu unaweza kuiharibu na kulala nje. Hakuna kingine kikubwa. Vifaa ni vya kawaida, vipande vya msumeno wa chuma, mbavu za mwavuli uliokufa. Hata mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, yule tuliyemsoma shuleni kwa habari ya kichwa chake, alikuwa na karakana ya makufuli katika jumba lake na fundi wa kumfundisha.

Si kila nchi imekubali. Japani, baada ya wezi kuanza kweli kuingia majumbani kwa njia hii, ilipitisha sheria katika 2003 inayokataza kubeba vifaa hivyo bila sababu halali. Siwezi kuwacheka Wajapani; walikuwa na tatizo hilo mlangoni. Sisi hatuna tatizo hilo, tuna la baramina, na hakuna anayependekeza kukataza baramina. Sheria yetu ya adhabu nayo ina jibu lake. Kifungu cha 81 kinaruhusu adhabu ya wizi ifike miaka 10 ikiwa mwizi amevunja, amepanda ukuta au ametumia funguo bandia. Kinachoadhibiwa ni wizi. Kadena iliyo juu ya meza yako si ya mtu mwingine.

Hata hivyo kuna jambo ambalo lazima nilisema kwa vijana wenyewe, bila kulizungukazunguka. Katika mitaa yetu watu wamechoka na wizi, na hasira yao haingoji hakimu. Tumeona vijana wakipigwa hadi kufa kwa neno moja tu, mwizi. Usitembee na vyuma hivyo mfukoni. Usivitoe kwenye tasi wala kwenye kabare ili kuwashangaza marafiki. Ukimfungulia jirani aliyepoteza ufunguo, mwite mkuu wa avenue au jirani wa pili ashuhudie kabla hujagusa mlango. Afadhali mchezo huu uishi mahali penye bango na mwalimu.

Mahali hapo tunapo. Shule zetu za ufundi, zile ITI, na vituo vya INPP vinafundisha kuchonga na kulinganisha vyuma kwa vipimo vidogo sana. Kadena iliyokatwa ubavu kwa msumeno ni somo zuri kuliko mchoro wa ubaoni: mwanafunzi anaona pini, anaona resori, anaona kwa macho yake maana ya kipimo kilichokosewa kwa sehemu ya kumi ya milimita. Akiweza kuifungua, ataweza kuirekebisha. Akiweza kuirekebisha, pengine siku moja atachonga pini zenye kiuno na kuziingiza katika kadena za bei ya chini zinazotufikia, kisha awauzie wenye AVEC kitu anachoweza kukieleza. Kazi hiyo haihitaji kiwanda, inahitaji mashine ndogo ya kuchongea na mkono wenye subira.

Kwa upande wa wakubwa, OCC inakagua bidhaa zinazoingia nchini. Sijaelewa kwa nini kadena iingie bila kuandikwa chochote kuhusu nguvu yake. Ulaya wana kanuni yao, EN 12320, inayoweka kadena katika madaraja 1 hadi 6, na mnunuzi akiisoma anajua anachobeba. Sisemi tuinakili yote kesho. Idadi ya pini na umbo lake, vikiandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa kwenye katoni, vingetosha kwa kuanzia. Na mashirika yanayogawa masanduku kwa vikundi yawe ya kwanza kuuliza, kwa sababu yananunua kwa mamia na muuzaji atawasikiliza kuliko atakavyomsikiliza mama mmoja.

Wakati tunangoja hayo, mwenye kikundi anaweza kufanya jambo moja Jumamosi hii. Nunua kadena tatu za aina tatu, katika maduka matatu kama inawezekana. Kabla ya kulipa, chukua kila ufunguo uujaribu katika kadena nyingine mbili, uutikise kidogo, uuvute nyuma nusu, uutikise tena. Ikigeuka, irudishe. Na muuzaji akikasirika kwamba unamchelewesha, ng'ambo ya barabara kuna duka lingine.